Matisse alivyoacha brashi akashika makasi

Henri Matisse alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa mwaka wa 1869. Alisomea sheria, lakini alipougua ugonjwa wa kidole tumbo, mamake alimletea rangi za kupitisha muda. Basi sheria ikaishia hapo. Uzeeni, jina lake lilitajwa pamoja na la Picasso.

Kisha mwaka wa 1941, akiwa na miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo. Alipona, ila hakuweza tena kusimama muda mrefu akichora. Alifanyia kazi kitandani au kwenye kiti cha magurudumu.

Hebu fikiria: bingwa wa brashi anakata karatasi kwa makasi kama mtoto wa chekechea! Wasaidizi walipaka karatasi rangi, yeye akakata, wao wakazibandika alipoelekeza. Mwenye kujiona angesema heri aache kabisa. Matisse hakuona haya. Mwaka wa 1953 alitoa picha ya Konokono, karibu mita 3 kila upande. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 84.

Kwa hivyo kijana, kazi uliyoizoea ikikukataa, usishinde ukihesabu sifa za jana. Angalia kilichobaki mkononi, hata kama ni makasi tu.