Krapf na Umbo la Herufi za Kiswahili

Anayevuka kutoka Kisiwa cha Mvita kwenda upande wa Kisauni hulikuta, huko Mkomani, kaburi la Rosine Krapf na mtoto wake mchanga, waliofariki Julai 1844. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa amefika Mombasa mwaka huo huo, na tayari alikwisha kuanza kujifunza Kiswahili. Aghalabu sisi wanafunzi humtaja kwa sarufi na kamusi. Makala haya yanamtazama kwa jambo dogo zaidi, yaani herufi.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani, na kabla ya kuja pwani alihudumu Ethiopia. Mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na Johannes Rebmann; mwaka 1850 sarufi yake ikachapishwa Tübingen. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa, lakini yeye alichagua herufi za Kirumi. Sababu zake hazikuwa za kifonolojia tu: alihofia kwamba hati ya Kiarabu ingeupa Uislamu nguvu. Hata hivyo, ni yeye huyo aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati hiyo, na kwa hilo anastahili shukrani.

Mwaka 1854 wataalamu walikutana London kutafuta alfabeti moja ya kuandikia lugha za mbali. Max Müller alipendekeza zitumiwe herufi za mlazo, zile alizozichonga Francesco Griffo kwa ajili ya Aldus Manutius wa Venice, zikachapa kitabu kizima mwaka 1501. Kila mpiga chapa alikuwa nazo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuchonga herufi mpya. Kwa mpango huo, k iliyolazwa ingekuwa ch, na g iliyolazwa ingekuwa j. Neno cheka lingeandikwa keka, k ya kwanza ikiwa imeinama. Ole wake mwanafunzi ambaye mwandiko wake wote umeinama! Karl Richard Lepsius yeye alitaka alama juu na chini ya herufi, na chama cha CMS, kilichomtuma Krapf, kikamfuata Lepsius.

Katika Kiswahili hakuna hata mmoja kati yao aliyeshinda. Nasi tumepoteza kitu: Kimvita hutofautisha kaa wa baharini, mwenye k ya mpumuo, na kaa la moto, lisilo nayo, ilhali maandishi yetu huyafanya neno moja. W. E. Taylor, mmisionari aliyemfuata Krapf Mombasa, alilishughulikia suala hili kwa makini.

Krapf alifariki Korntal tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi yake, iliyojengwa juu ya Kimvita, ilitoka London mwaka uliofuata. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Herufi za mlazo zikabaki na kazi ya majina ya vitabu, maneno ya kigeni na, katika majarida kama hili, mifano ya sentensi.