Kabla ya Simba Elsa, Joy Adamson Alichora Shanga Zetu

Wasee wa kamera hapa Kitale wanazipenda sana kona za Kamatira, kule mbele ya Kapenguria. Unasimama juu, barabara inakata kushoto, inarudi kulia, inakata tena, na jicho lako linaifuata tu. Rudi mjini, utauziwa zigizaga hiyohiyo kwenye mshipi wa shanga. Kuna mwanamke aliyekaa miaka akichora mapambo kama hayo, na wengi wetu tunamjua kwa simba peke yake: Joy Adamson.

Alizaliwa 1910 Troppau, mji uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungary, leo uko Czech. Jina lake halisi lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alisomea piano, akajaribu ushonaji, akajaribu uchongaji, hata udaktari aliufikiria. Yaani alikuwa bado anajitafuta, kama wengi wetu. Akafika Kenya 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Bally ndiye aliyempa jina Joy, tena ndiye aliyemsukuma achore maua.

Hayo maua ndiyo yaliyomfunza macho. Ukichora ua la kitabu cha mimea huwezi kukisia petali, unahesabu. Mwaka 1944 aliolewa tena, safari hii na George Adamson, afisa wa wanyamapori.

Halafu 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa Kenya wakiwa na mavazi yao ya asili kabla hayajapotea. Ona hiyo sasa! Wamishonari na maafisa wa wakoloni walikuwa wamechangia sana watu kuyavua, kisha serikali hiyohiyo inalipa mtu ayachore. Joy alizunguka nchi kwa miaka kadhaa. Aliwachora Wapokot na Waturkana, majirani wetu wa kaskazini, na vijana wa Tiriki waliokuwa jandoni. Jumla ya picha zilipita 500.

Kwa nini rangi na brashi wakati kamera zilikuwepo? Picha nyingi za wakati huo zilikuwa nyeusi na nyeupe, na shanga bila rangi ni nusu ya habari. Muulize yeyote anayeshona mishipi: zigizaga ni hesabu. Kila safu rangi inasogea shanga moja, inafika ukingoni, inageuka. Ukikosea safu moja, kona inavunjika na unafumua. Joy alikuwa na subira ya kazi ya namna hiyo.

Sisemi picha zake hazina shida. Watu wamekaa rasmi mno, wamevaa kila kitu, kama waliopigwa picha ya kitambulisho siku ya sherehe. Huoni mikono iliyotunga zile shanga.

Mwaka 1956 wakaja watoto wa simba, Elsa akiwa mmoja wao. Kitabu kikatoka 1960, filamu 1966, na dunia ikasahau kwamba huyu mama alikuwa mchoraji. Januari 3, 1980 aliuawa Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa ni simba, kumbe ni mtu. Kijana aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa kwa mauaji hayo.

Picha nyingi ziko Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Kitabu chake cha 1967 kuhusu watu wa Kenya kina baadhi. Lakini msichana anayeshona mishipi Kitale, au anayefinyanga vyungu Bungoma, anakopi mitindo kutoka kwa simu, mingine ya mbali kabisa, wakati ile ya magharibi na kaskazini ilishachorwa kwa rangi kamili. Nauli ya Nairobi kwenda na kurudi inaweza kumaliza faida yake yote ya mishipi. Nakala nzuri za hizo picha zikitundikwa katika makavazi ya Kitale, angezifikia kwa bodaboda.