Sousa, Mlezi wa Baragumu na Ngoma za Gwaride

John Philip Sousa alizaliwa Washington, Marekani, tarehe 6 Novemba 1854. Akiwa na miaka 13 alipanga kutoroka na bendi ya sarakasi. Baba yake, mpiga tromboni wa Bendi ya Marine ya nchi hiyo, alimwahi na kumwandikisha humo kama mwanagenzi.

Mwaka 1880 Sousa alikabidhiwa uongozi wa bendi hiyo. Zama hizo baragumu na ngoma zilikuwa kwanza vyombo vya amri: kuamsha askari, kuwaita mlo, kuwapanga vitani. Baragumu halina vali, hivyo sauti zake ni chache mno. Sousa hakuuona uchache huo kuwa kasoro. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha kuwafundisha wapigaji wa vyombo hivyo viwili, akiongeza tungo zake mwenyewe. Mmoja kati ya tungo hizo aliuingiza mwaka 1888 katika Semper Fidelis, ambamo ngoma hutangulia peke yake, kisha tarumbeta hupokea, ndipo bendi nzima ikajiunga.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa na miaka 62, alijiunga na Jeshi la Wanamaji kufundisha vijana wa bendi katika kituo cha Great Lakes. Uzeeni alikuwa mwamuzi wa mashindano ya bendi za shule.

Alifariki dunia Reading, Pennsylvania, tarehe 6 Machi 1932, muda mfupi baada ya kuongoza mazoezi ya bendi ya huko. Utungo wa mwisho aliouongoza ulikuwa wake mwenyewe, The Stars and Stripes Forever.