Mtaka cha Angani: Maisha ya Erich Regener

Wanafunzi wangu waliponiuliza siku moja jinsi binadamu alivyojua mahali ozoni ilipo, hali hakuna aliyeigusa kule juu, niliwaandikia ubaoni jina la Erich Regener. Jina hilo ni mashuhuri kwa wanafizikia, lakini ni adimu katika shule zetu. Leo naona yafaa niwasimulie walimu wenzangu habari zake.

Regener alizaliwa mwaka 1881 karibu na Bromberg, mji uliokuwa Ujerumani na ambao sasa umo Poland. Mwaka 1920 alipewa uprofesa wa fizikia katika chuo cha ufundi cha Stuttgart. Zama hizo wataalamu walikwisha kutambua kuwa ozoni huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile iunguzayo ngozi na kudhuru macho. Kilichowatatiza ni kimo chake. Baadhi yao waliikadiria kuwa kilomita 40 hadi 50 juu ya ardhi.

Mwaka 1931 Auguste Piccard alipanda mwenyewe kwa puto hadi karibu kilomita 16. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Regener aling'amua kuwa mtaka cha angani si lazima apande. Aliunda vyombo vyepesi vinavyojiandikia vipimo, akavifunga kwenye maputo ya mpira yaliyojazwa haidrojeni, akaviachilia viende peke yake. Vikapita kilomita 25.

Mwaka 1934, pamoja na mwanawe Victor, alirusha chombo kiutawanyacho mwanga wa jua katika rangi zake na kuupiga picha. Huku chini, upande wa urujuanimno hukatika ghafla, kwani ozoni imeumeza. Kadiri puto lilivyopaa ndivyo upande huo ulivyorefuka, maana ozoni iliyosalia juu ilizidi kupungua. Karibu na kilomita 30 ilidhihirika kwamba sehemu kubwa ya ozoni ilikuwa imeachwa chini. Tabaka hilo halikuwa mbali kama ilivyodhaniwa.

Hata hivyo, elimu haikumkinga. Mwaka 1937 Regener aliondolewa chuoni, si kwa kosa la kazi, bali kwa kuwa mkewe alikuwa wa asili ya Kiyahudi na sheria za Wanazi hazikuvumilia ndoa kama hiyo. Victor akaihama nchi, na hatimaye akawa mtaalamu wa ozoni huko Marekani. Baba hakuacha kupima. Alianzisha kituo cha utafiti Friedrichshafen, kando ya ziwa.

Hapa sitaki kumpaka mafuta. Mwaka 1942 alikubali kuunda vyombo vya kupimia anga ambavyo vingebebwa na roketi za jeshi la utawala uleule uliomfukuza. Vyombo vyake havikurushwa kamwe, lakini roketi zenyewe ziliwaua watu wengi London na Antwerp. Mwanafunzi asomapo maisha ya mtaalamu hana budi kuyasoma yote, ajue kwamba kiu ya kupima yaweza kumpeleka mtu mwema penye mlango mbaya.

Baada ya vita alirudishwa chuoni, akawa pia makamu wa rais wa Shirika la Max Planck. Alifariki Stuttgart mwaka 1955, miaka 30 kabla ya Waingereza kutangaza, mwaka 1985, kuwa ozoni inapungua mno juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ukatiwa sahihi mwaka 1987, na sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ina makao yake hapa Nairobi. Maputo ya kupimia ozoni nayo yamekuwa yakirushwa kutoka Dagoretti tangu miaka ya 1990.

Nionavyo mimi, mafunzo ni mawili. La kwanza ni kwa walimu wanaolalamika, na wana haki ya kulalamika, kuwa maabara zao ni tupu: mpira, kioo na subira vilifika mahali ambapo mtu hakuweza kufika. La pili ni kwa wenye mamlaka. Taifa limfukuzapo mwalimu kwa ajili ya nasaba ya mkewe, halimpunguzii mwalimu yule maarifa. Linawapunguzia watoto wake lenyewe.