Freddie Mercury: Mzawa wa Unguja ambaye sabufa haimtoshi

MPENZI wa muziki wa roki anayetaka kununua spika za nyumbani hana budi kuwa na subira. Aingie duka la Illasit, mji wa mpakani ulio chini ya Mlima Kilimanjaro, au ashuke hadi Kitengela, yaelekea kitu cha kwanza atakachoonyeshwa ni sabufa: boksi moja kubwa la besi pamoja na vispika vidogo vya plastiki. Chombo hicho huutendea haki muziki wa reggae na ule wa kizazi kipya. Kwa roki kina upungufu, na upungufu wenyewe hudhihirika upesi zaidi kinapopigwa wimbo wa bendi ya Queen.

Ukiivuka barabara ya Illasit unaingia Tarakea, katika ardhi ya Tanzania. Ni nchi hiyo, kwa upande wake wa visiwani, iliyomzaa mwimbaji wa bendi hiyo, ingawa wengi wanaozipenda nyimbo zake humdhania kuwa Mwingereza wa kuzaliwa.

Freddie Mercury alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Haroub na himaya ya Uingereza. Babake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu. Yeye na mkewe Jer walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, na jina la ukoo wao lilitokana na mji wa Bulsar. Mwaka 1952 walijaliwa binti, Kashmira.

Akiwa na umri wa takriban miaka minane, Farrokh alisafirishwa hadi India kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Ni huko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Ni huko pia alikofundishwa piano, na mwaka 1958 akaunda na wanafunzi wenzake bendi iliyoitwa The Hectics, ambayo ilipiga nyimbo za Wamarekani kama Little Richard na Fats Domino. Katika bendi hiyo kazi yake hasa ilikuwa piano.

Alizaliwa na meno manne ya ziada, ambayo yaliyasukuma mbele meno yake ya juu. Watoto wenzake walimtania kwa sababu hiyo, naye alizoea kuufunika mdomo kwa mkono kila alipocheka. Hata baada ya kupata fedha za kutosha kuwalipa madaktari bora wa London, alikataa kuyang'oa. Alichelea kwamba kinywa kikibadilika, sauti nayo ingebadilika.

Alirejea Unguja mwanzoni mwa miaka ya sitini, lakini hakukaa sana. Januari 12, 1964 yalitokea Mapinduzi yaliyomng'oa Sultani, na miezi michache baadaye familia ya Bulsara ilikimbilia Uingereza ikiwa na mizigo michache. Walipata makao Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kijana wa miaka 17 aliyekulia kwenye nyumba zenye watumishi akajikuta akifanya kazi za vibarua uwanjani humo ili apate karo.

Alisomea uchoraji na usanifu katika chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu mwaka 1969. Wakati huo alikuwa amesalimu amri kwa Jimi Hendrix, mpiga gitaa Mweusi wa Marekani, ambaye alimchora mara nyingi. Baada ya masomo alifungua kibanda cha nguo katika soko la Kensington pamoja na Roger Taylor, mpiga ngoma wa bendi iitwayo Smile. Mwimbaji wa Smile alipojiondoa mwaka 1970, Freddie aliichukua nafasi yake pembeni mwa Taylor na mpiga gitaa Brian May, mwanafunzi wa fizikia ya nyota. Aliibadilisha bendi jina ikawa Queen, akalibadilisha na la kwake likawa Mercury, kisha akaichorea bendi nembo yenye alama za nyota za wanachama wote wanne. Wa nne, mpiga besi John Deacon, aliingia mwaka 1971.

Hawakuwa na fedha. Santuri yao ya kwanza, iliyotoka Julai 1973, waliirekodi hasa nyakati za usiku katika studio ya Trident, saa ambazo wateja wenye kulipa walikuwa wamekwenda zao. Hata hivyo, ugumu huo uliwafunza jambo ambalo lilikuja kuwatofautisha na bendi nyingine: jinsi ya kuzirundika sauti juu ya sauti hadi watu wachache wasikike kama umati.

Mfano mkuu ni Bohemian Rhapsody, wimbo alioutunga Mercury na ambao kurekodiwa kwake kulianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales. Hauna kiitikio. Huanza kwa sauti zisizo na ala, huingia piano, huwaka gitaa, hugeuka opera, hulipuka roki, kisha huzimika polepole. Yote hayo ndani ya dakika zisizofika sita. Sehemu ya opera peke yake ilichukua takriban majuma matatu. Mercury, May na Taylor waliimba sehemu zile zile mara nyingi, saa nyingi kila siku, na tabaka za sauti zikafika 180 hivi. Ukanda ulipitishwa kwenye mashine mara nyingi kiasi kwamba ulichakaa, hata mwangaza ukaanza kupenya ndani yake. Msikilizaji wa pwani hawezi kukosa kusikia, katikati ya opera hiyo, neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulijua kabla hajaanza shule.

Wakuu wa kampuni ya santuri walidhani wimbo huo ni mrefu mno kwa redio. Ulitolewa Oktoba 31, 1975 bila kukatwa, ukakaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa majuma tisa.

Hapa ndipo suala la spika linapoingia. Sauti za opera ile hazikurekodiwa ili zitoke mahali pamoja. Baadhi zimewekwa kushoto, nyingine kulia, nyingine zinahama kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ile ya Mercury mwenyewe husimama katikati. Mpangilio huo wahitaji spika mbili zinazolingana, zilizotengana kama mita mbili, zikiwa usawa wa masikio, na msikilizaji akikaa mbele yake katikati. Vikitundikwa vispika pembe za dari na boksi la besi likafichwa nyuma ya kochi, kazi ya majuma matatu hupotea.

Kuna na pengo la katikati. Gitaa la umeme na sauti ya mwanamume hukaa katika eneo la kati la muziki, wala si kwenye mdundo wa chini. Kispika chenye upana wa vidole vitatu au vinne hakina nguvu ya kuisukuma hewa inavyotakiwa katika eneo hilo, ilhali sabufa imeundwa kwa ajili ya chini kabisa. Mwenye nyumba anapoona muziki umekuwa mwembamba huongeza besi, na kadiri anavyoiongeza ndivyo mwimbaji anavyozidi kuzama. Wanasayansi waliochunguza rekodi za Mercury katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 waligundua kuwa mtetemo wa sauti yake ulikwenda mara saba hivi kwa sekunde, kasi inayozidi ile ya kawaida ya waimbaji. Mtetemo huo ndio unaozama kwanza.

Miaka Queen ilipokuwa ikichipuka, wapenzi wa roki walikuwa wamegawanyika makundi mawili kuhusu jambo hili. Nchini Marekani vijana wengi waliipenda JBL L100, spika iliyotoka mwaka 1970 ikiwa na koni ya inchi 12, yenye kishindo kifuani na ukali kwenye gitaa. Uingereza, mafundi wa shirika la utangazaji la BBC walibuni viboksi vidogo vya LS3/5A, vyenye besi haba lakini vinavyomleta msemaji chumbani kana kwamba ameketi mezani. Anayeishi kwa AC/DC na Led Zeppelin atapendelea mkondo wa kwanza, wala hatakuwa amekosea. Mpenzi wa Mercury anahitaji kidogo cha kila mkondo, na kwa maoni ya mwandishi huyu, akilazimika kupoteza kimoja, bora apoteze kishindo. Jozi ya maboksi ya mbao yaliyotumika, yenye koni ya inchi nane na amplifaya isiyo na mbwembwe, yaweza kumfaa kuliko sabufa mpya yenye taa za rangi.

Bei si hoja ya mwisho katika mambo haya, na Queen wenyewe ni ushahidi. Mwaka 1972 John Deacon, aliyesomea elektroniki, aliokota kipande cha saketi kwenye pipa la takataka jijini London. Alikifunga ndani ya boksi la spika ya rafuni, akakiunganisha na betri. Kwa chombo hicho, ambacho fundi yeyote wa jua kali angekitambua kuwa ndugu wa kazi zake, Brian May alirekodi gitaa likasikika kama tarumbeta na filimbi za bendi nzima. Ndiyo maana majalada ya santuri zao za miaka ya sabini yalijigamba kwamba hazikutumia sinthesaiza.

Sifa kubwa ya Mercury nje ya studio ilithibitishwa Julai 13, 1985 katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid lililoandaliwa kuchangia waathiriwa wa njaa Ethiopia. Mbele ya watu 72,000, Queen walipewa dakika zipatazo 20, na bendi hiyo ambayo wengi walidhani imeanza kuchuja ikawafunika wote waliopanda jukwaani siku hiyo.

Yafaa kukumbukwa pia kwamba miezi tisa kabla ya hapo, Oktoba 1984, Queen walitumbuiza Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii kuisusia nchi hiyo. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Kwa mtu aliyezaliwa Afrika, doa hilo halifutiki kwa dakika 20 za Wembley, wala wasifu wake haufai kulificha.

Mwaka 1987 alipimwa akapatikana na virusi vya Ukimwi. Aliendelea kufanya kazi: alirekodi na mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé, santuri iliyotoka mwaka 1988, na hata aliposhindwa kusimama kwa muda mrefu aliingia studio huko Montreux, Uswisi, akaimba alichoweza ili wenzake wamalizie. Ugonjwa wenyewe aliuficha. Alitoa taarifa Novemba 23, 1991, na jioni ya siku iliyofuata akafariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45.

Mwandishi wa Afrika Mashariki hawezi kuufikia ukurasa huo bila kumkumbuka Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda. Mwanamuziki huyo alijitokeza hadharani mwaka 1989, akazunguka shuleni na makanisani akiwaeleza watu hali yake, akafariki Desemba mwaka huo huo. Mercury hakuwa na deni la kutangaza ugonjwa wake kwa magazeti yaliyomwinda mlangoni. Lakini miaka miwili kabla yake, mtu wa kwetu mwenye mali na ulinzi haba zaidi alikuwa ameweza.

Mazishi yake yaliendeshwa na makuhani wa Zoroasta kwa heshima ya wazazi wake, kisha mwili ukachomwa katika tanuri la Kensal Green. Mahali majivu yalipowekwa pamefichwa hadi leo kwa agizo lake. Bohemian Rhapsody ilirudi kileleni mwa chati za Uingereza, na Aprili 20, 1992 likafanyika Wembley tamasha la kumuenzi, ambalo mapato yake yalizaa mfuko wa kupambana na Ukimwi.

Nyumbani kwao alikozaliwa mambo yalikuwa mazito zaidi. Mercury alikuwa ameishi miaka yake ya mwisho na mwanamume, Jim Hutton, na mwaka 2006 wenyeji fulani walipotaka kuadhimisha Zanzibar miaka 60 ya kuzaliwa kwake, kundi la Uamsho lilipinga hadi sherehe ikafutwa. Yeye mwenyewe, tangu aondoke mwaka 1964, hakukizungumzia sana kisiwa hicho mbele ya waandishi.

Piano aliyoinunua mwaka 1975 na kutungia nyimbo zake nyingi iliuzwa kwa mnada London, Septemba 2023, kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Huko Shangani, Unguja, kuna makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa Novemba 24, 2019, miaka 28 kamili tangu kifo chake.