Paul Klipsch na Spika Zisizotaka Nguvu Nyingi

Muhula uliopita mzazi mmoja aliyekuja kumwona mwanawe alinivuta kando akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Amplifaya yake, yaani kile chombo kinachokuza sauti ya santuri kabla haijafika kwenye spika, ilikuwa imeungua. Spika zenyewe ni kubwa, za zamani, zenye midomo ya tarumbeta, nazo alizirithi kwa kaka yake. Muuza duka alimwambia kwamba spika kubwa namna ile zataka amplifaya ya wati 200, na bei aliyoitaja ilimtia mzee wetu jasho. Je, anunue? Nilimwambia asinunue kwanza. Sababu yake naona ni vizuri niieleze hapa kwa njia ya maisha ya mtu aliyeifahamu kuliko wengi.

Paul Wilbur Klipsch alizaliwa tarehe 9 Machi, 1904, katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, Marekani. Alifiwa na baba yake angali mtoto wa miaka 12 hivi, na masomo ya sekondari aliyamaliza El Paso, Texas. Mwaka wa 1919, akiwa na umri wa miaka 15, alijiundia redio, wakati ambapo vituo vya kuwatangazia watu wote vilikuwa bado havijaanza kazi. Redio za siku zile zilisikilizwa na mtu mmoja tu kwa vikopo vya masikioni. Kijana huyu alitaka wenzake nao wasikie. Basi akavichukua vikopo vile akaviunga na bomba la karatasi ngumu, la namna inayotumika kupelekea ramani kwa posta, na hiyo ndiyo iliyokuwa spika yake ya kwanza. Tazama kwamba hakuongeza umeme. Aliongeza bomba.

Jambo hili si geni kwetu. Mtu akitetemesha midomo yake mitupu hutoa sauti ndogo ya kuchekesha. Lakini akiitia midomo hiyo hiyo kwenye baragumu, pumzi ile ile husikika kijiji cha pili. Waliopiga siwa za Lamu na Pate walilijua hilo zamani sana. Pembe haiongezi nguvu hata kidogo. Kazi yake ni kuisaidia ile nguvu ndogo iliyopo ishike hewa vizuri badala ya kupotea bure.

Klipsch alipata shahada ya uhandisi wa umeme huko New Mexico mwaka wa 1926, na chuoni alikuwa akipiga tarumbeta katika bendi. Kisha alifanya kazi katika kampuni ya General Electric. Kuanzia mwaka wa 1928 hadi 1931 alikuwa nchini Chile akitunza magari-moshi ya umeme yaliyochukua chumvichumvi kutoka machimboni. Alirudi kwao akasoma tena katika Chuo Kikuu cha Stanford, akamaliza mwaka wa 1934. Ni huko Stanford ambako mtu mmoja alimdokezea kwamba spika yake ingesikika vizuri zaidi ikiwekwa pembeni mwa chumba, pale kuta mbili zinapokutana.

Wengi wangelisikia neno lile wakalisahau. Yeye alilishika kwa miaka. Sauti nzito, kama ya ngoma kubwa, ina mawimbi marefu mno. Wimbi la mitetemo 35 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 10. Tarumbeta ya kulitoa wimbi hilo sawasawa ingejaza nyumba nzima. Klipsch aliikunja tarumbeta ndani ya sanduku la mbao la kimo cha futi 4 na zaidi kidogo, akalisukuma sanduku lile pembeni mwa chumba, na kuta mbili pamoja na sakafu zikawa ndizo mdomo wa tarumbeta. Alitumia nyumba yenyewe kuwa sehemu ya chombo! Mwaka wa 1943 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa ofisa wa jeshi kwenye uwanja wa kujaribia silaha karibu na mji mdogo wa Hope, jimbo la Arkansas. Jina hilo maana yake ni Tumaini. Maofisa wenzake waliofika nyumbani kwake waliisikia spika ile, wakamhimiza aitengeneze ya kuuza. Vita vilipokwisha alibaki mjini hapo, na mwaka wa 1946 akaandikisha biashara yake. Alianza katika kibanda cha mabati, na kwa muda alikuwa peke yake. Spika hiyo iliitwa Klipschorn, na imetengenezwa kwa zaidi ya miaka 70.

Hapo ndipo ulipokuja mtihani wake. Mwaka wa 1954 ilitokea Marekani namna nyingine ya spika: sanduku dogo lililozibwa kabisa, linalotoa sauti nzito ya kupendeza bila kujaza chumba. Lakini sanduku hilo lilikuwa na ulafi wa umeme. Halafu mwaka wa 1958 santuri za sterio zikaanza kuuzwa, kila nyumba ikataka spika mbili, na si kila nyumba ina pembe mbili zilizo wazi. Watu wakakimbilia masanduku madogo, na viwanda vikashindana kuuza amplifaya za wati 50, 100 na zaidi ili kuyalisha. Klipsch hakufuata. Alikuwa akisema kwamba kilichokosekana katika nchi yake ni amplifaya njema ya wati 5 tu.

Usidhani huo ulikuwa ukaidi wa mzee. Wanafunzi wa fizikia na wachukue kalamu. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, na kila unapoongeza desibeli 10 yakupasa kuzidisha wati mara 10. Kiwanda chake kiliandika kwamba Klipschorn ikipewa wati 1 hutoa desibeli 105 kwa umbali wa mita moja. Sanduku dogo la kawaida hutoa kama 85. Tofauti ni 20, yaani mara 10 kwa mara 10. Basi pale ambapo Klipschorn yatumia wati 1, sanduku dogo litataka wati 100! Tena utando wa spika ya tarumbeta hutikisika kidogo tu, na usipotikisika sana hauharibu sauti. Klipsch aliandika makala za kitaalamu juu ya jambo hili, akapima upotovu wa sauti kwa uangalifu mkubwa, na mwaka wa 1978 chama cha wahandisi wa sauti kilimpa nishani ya fedha kwa kazi hiyo.

Hakuwa mtu wa kukataa kujisahihisha. Mwaka wa 1957 alitoa spika ndogo isiyohitaji kukaa pembeni, na rafiki mmoja akamtania kwamba huo ulikuwa uzushi dhidi ya mafundisho yake mwenyewe. Alicheka, akaiita Heresy, yaani Uzushi. Vilevile alivaa beji ya manjano chini ya ukosi wa koti lake, yenye neno ambalo mwalimu mkuu hataniruhusu kulichapa hapa. Aliposikia mtu akijisifu uongo juu ya mitambo yake aliugeuza ukosi, beji ikaonekana.

Sasa nimrudie mzazi wetu. Spika za namna hii ni kama sikio kali: husikia kila kosa la amplifaya. Ikiwa chombo kina mvumo au mchakato mdogo, spika ya kawaida haitautoa, lakini tarumbeta itautoa hata chumba kizima kisikie. Tena ubaya wa amplifaya nyingi za kwanza za transista ulikuwa katika sauti ndogo, nazo spika hizi huishi katika wati ya kwanza. Kwa hiyo nilimshauri azipeleke spika dukani, au aazime amplifaya aende nayo nyumbani. Aiwashe bila santuri, afungue sauti kiasi anachokipenda, kisha aweke sikio kwenye mdomo wa tarumbeta. Akisikia kama mvua juu ya bati, airudishe, hata kama ni ya wati 200. Alifanya hivyo kwa ile ya muuza duka, akairudisha. Amenunua nyingine iliyotumika, ya wati 15, na mwanawe ananiambia kwamba kitufe cha sauti hakijapita robo.

Klipsch mwenyewe alifariki Hope tarehe 5 Mei, 2002, akiwa na umri wa miaka 98. Katika mji huo kuna jumba la makumbusho la kazi zake.