Mbuga ya Taifa iliyozaliwa kabla ya taifa

Yapo maneno ambayo tumeyazoea mno hata hatujisumbui tena kuyauliza yanasema nini. Mojawapo ni hili la mbuga ya taifa. Mbuga, kwa asili ya neno, ni uwanda mpana wa nyasi, na watu waliujua uwanda huo zamani kabla ya yeyote kufikiria kuutia lango na kibanda cha kukatia tiketi. Neno linalotatanisha ni lile la pili. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyo kongwe kuliko zote nchini, ilitangazwa rasmi tarehe 16 Desemba 1946. Uhuru tuliupata mwaka 1963. Je, katika miaka 17 iliyopita hapo kati, mbuga hiyo ilikuwa ya taifa lipi?

Swali hili halijibiki bila kumtaja Mervyn Cowie, mtu aliyeipigania mbuga hiyo hadi ikapatikana. Wako wanaomsifu kana kwamba aliumba simba kwa mikono yake, na wako wasiotaka hata kulisikia jina lake kwa kuwa alikuwa mlowezi. Wahenga walituasa kuwa mnyonge tumnyonge, lakini haki yake tumpe. Nitajaribu kumpa Cowie haki yake, kisha niseme lililosalia.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1909, miaka 10 tu baada ya reli kufika penye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa jina la maji baridi. Mji ulikuwa mdogo, na wanyama wa uwandani walikuwa majirani wa kila siku. Kijana huyo alikwenda kusoma Uingereza katika Chuo Kikuu cha Oxford, akawa mhasibu kwa taaluma. Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuta uwanda wa utotoni mwake umeanza kunyamaza. Mashamba yalikuwa yamesonga mbele na bunduki zilikuwa nyingi. Hifadhi zilizowekwa na serikali ya kikoloni tangu mwaka 1900 zilimlinda mnyama asipigwe risasi, lakini hazikuilinda ardhi aliyoishi. Uwanda uliopakana na mji upande wa kusini ulikuwa malisho ya mifugo, hasa ya familia za Kisomali zilizopewa makao hapo, na baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, ukawa pia mahali pa mazoezi ya kijeshi.

Cowie aliisumbua serikali kwa hoja, serikali ikamsikiliza kwa adabu na isifanye lolote. Ndipo, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alipobadili mbinu. Aliliandikia gazeti la East African Standard barua chini ya jina la kupanga, akijifanya mlowezi mkongwe aliyechoshwa na wanyama. Katika barua hiyo alipendekeza wanyama wote wa porini wateketezwe, kwa kuwa walikuwa kikwazo kwa kilimo na ufugaji. Wasomaji waliwaka moto. Barua za hasira zilimiminika gazetini, watu wakadai serikali ichukue hatua, na mwaka 1939 kamati ikaundwa kulichunguza suala la wanyamapori. Hakuna aliyejua kwamba aliyewatia hasira ndiye aliyekuwa upande wao.

Mimi ni mtu wa isimu, na kisa hiki hunivutia kuliko vyote katika maisha ya Cowie. Tunafundisha kwamba maana ya usemi haikai katika maneno peke yake. Hukaa pia baina ya msemaji na msikilizaji. Washairi wa Mwambao walilijua hilo kitambo, na Muyaka wa Mombasa alisifika kwa mafumbo ambayo utamu wake ulikuja pale yalipofumbuliwa. Fumbo la Cowie lilikuwa kinyume chake. Lilifaulu kwa sababu halikufumbuliwa. Laiti wasomaji wangaling'amua kinaya kilichokuwamo, wangalicheka, wakafunga gazeti na kuendelea na chai yao.

Hata hivyo, tusisahau waliosoma barua ile ni akina nani. Gazeti lilikuwa la Kiingereza, na mjadala ulikuwa wa walowezi na maafisa wao. Mmaasai aliyeishi na nyumbu kwa vizazi vingi bila kuwamaliza hakuulizwa. Hasira iliyoizaa mbuga ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa hasira ya watu wachache katika lugha ambayo Waafrika walio wengi hawakuisoma.

Vita viliichelewesha kazi, lakini havikuizima. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1945, na mwaka uliofuata Cowie akawa mkurugenzi wa kwanza. Mbuga ya Nairobi ilipewa kilomita 117 za mraba. Tsavo ilifuata mwaka 1948, Mlima Kenya mwaka 1949, na Aberdare mwaka 1950. Hesabu za mhasibu hazikumtoka kichwani. Alitambua kwamba serikali haitalinda daima kitu kisichoingiza chochote, na kwamba mgeni anayelipa kiingilio ili amwone simba akiwa hai ndiye mlinzi wake wa kudumu. Kwa hiyo alikazania barabara, malango na mahali pa wageni kulala. Filamu iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1951 ilichota kisa chake katika kazi yake, na mwaka 1961 yeye mwenyewe akachapisha kitabu, Fly, Vulture. Ulimwengu ukaja kutazama.

Ama kwa upande wa pili wa mizani, yapo mambo mazito. Mbuga, kwa jinsi Cowie alivyoielewa, ilikuwa mahali pa wanyama na watazamaji. Mchungaji hakuwa na nafasi. Wasomali walihamishwa kutoka katika uwanda wa Nairobi. Huko Tsavo, Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji hodari wa upinde tangu jadi. Msako mkubwa wa miaka ya 1956 na 1957 uliwatia wengi wao gerezani kwa kazi ambayo baba zao waliiita riziki. Kwao, lango la mbuga lilikuwa mlango uliofungwa nyuma ya migongo yao. Amboseli nako mvutano juu ya maji na malisho ulikuwa mkali, hata mwaka 1961 eneo hilo likakabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado lilisimamie. Likaja kufanywa mbuga ya taifa mwaka 1974.

Idara aliyoiongoza Cowie wakati wa ukoloni ilikuja kuitwa ya Mbuga za Kifalme za Taifa. Ufalme na taifa katika jina moja! Ufalme ulieleweka, ulikuwa na bendera, gavana na askari. Taifa lilikuwa neno lililongojea wenyewe. Katika historia ya lugha jambo hili si geni: mara nyingine jina hutangulia kitu, kitu kikaja baadaye kulijaza. Uhuru ulipofika, neno la ufalme likaondolewa kwenye jina. Mwaka 1966 Cowie alistaafu, na nafasi yake ikashikwa na Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuzisimamia mbuga hizo. Cowie alifariki mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 87.

Je, jina limejaa? Nusu tu, nionavyo mimi. Mwaka 1968 vilianzishwa vilabu vya wanyamapori mashuleni, na watoto wengi wa Kenya walimwona twiga kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Mwezi wa Julai 1989, ndani ya mbuga hiyo hiyo ya Nairobi, Rais Moi aliziteketeza tani 12 za pembe za ndovu, na dunia nzima ikatuelewa bila mkalimani. Lakini kila mwaka ninapowauliza wanafunzi wangu ni wangapi wamewahi kuingia katika mbuga iliyo kilomita chache kutoka katikati ya jiji, mikono inayoinuliwa huhesabika upesi. Wengi huipita kwa matatu kwenye barabara ya Lang'ata, wakaona ua na miti. Kongoni, nyumbu na pofu kwao ni maneno ya kamusi. Na neno ambalo msemaji hajawahi kukiona kinachotajwa nalo halina maisha marefu.

Hili si jambo la burudani pekee. Upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, ndiko wanyama walikozoea kutoka na kuingia kufuata mvua na majani, na uwanda huo sasa umejaa nyumba, viwanda na nyua. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2019 inapita juu ya mbuga kwa daraja refu. Mwaka 2020 mpango wa kuisimamia mbuga ulizua mabishano makali juu ya uzio na hoteli. Kila jambo la namna hii likizuka, wanaopaza sauti ni wale wale wachache, na aghalabu kwa Kiingereza, kama mwaka 1939.

Cowie alihitaji hasira ya maelfu machache ya wasomaji. Sisi leo twahitaji upendo wa mamilioni, na asiyekujua hakuthamini. Kwa hiyo ningependa mambo matatu yafanywe. Kwanza, ada ya kuingia ipimwe kwa mfuko wa mwananchi wa Kayole na Kibera, kisha yawepo mabasi ya kumzungusha, kwani asiye na gari hafiki mbali humo ndani. Pili, vibao na maelezo ya waongozaji yawe kwa Kiswahili pia, pamoja na majina ambayo Wamaasai na majirani zao waliwapa wanyama hao na mito hiyo. Tatu, wenye ardhi ya kusini walipwe ipasavyo kwa kuiacha wazi, maana hao ndio wanaoibeba gharama ambayo watazamaji hawaioni.

Nawe msomaji, usingoje hayo yote yatimie. Ukipata nafasi, amka mapema, uingie langoni jua likichomoza, wakati simba bado hajajificha kivulini. Uwatazame faru na punda milia, na nyuma yao maghorofa ya Nairobi. Mtu mmoja aliipa mbuga ile jina la taifa alipokuwa na wachache mawazoni mwake. Sisi wengi ndio wenye jina hilo, na wenye nyumba hawafai kuipita nyumba yao njiani kila siku bila kubisha hodi.